Laptopu Inasuasua na Kuganda: Mtafute Mchawi Kabla Hujanunua Chochote

Miaka kadhaa iliyopita laptopu yangu ilianza mchezo wa kuganda. Nafungua faili, kishale kinageuka kijiduara kinachozunguka, taa ya diski inawaka bila kupepesa, kisha baada ya nusu dakika kila kitu kinarejea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: ongeza ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Nikaongeza, kutoka GB 4 hadi GB 8. Ikaganda vilevile. Wiki chache baadaye diski ikafa, ikaondoka na picha ambazo sikuwa na nakala zake popote. Ramu haikuwa na kosa lolote. Diski ndiyo iliyokuwa ikilia muda wote huo, mimi natibu mguu wakati kinachouma ni jino.

Kwa hiyo hapa tunapima kwanza, dawa baadaye. Nimeandika kwa mtumiaji wa Windows 10 au 11, ingawa mantiki ni ileile kwenye Mac (huko kipimo kinaitwa Activity Monitor) na kwenye Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure. Majina ya madirisha na vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usihangaike kuyatafuta.

Kabla ya yote, nakili vitu vyako

Chukua flashi au diski ya nje, nakili kwanza vile ambavyo huwezi kuvipata tena: picha, hati, kazi ulizoandika mwenyewe. Programu achana nazo, hizo zinasakinishwa upya. Faili ikigoma kunakilika, iruke uendelee na nyingine. Diski inayougua hufa haraka zaidi ikilazimishwa kusoma palepale palipooza.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Laptopu nyingi za Windows 11 huja diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data, na mwenyewe hana habari. Siku ukigusa mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiamsha kompyuta), au fundi akibadilisha madabodi, yaani bodi kuu ya ndani, skrini inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute sasa, uandike kwenye karatasi.

Kusuasua si kuganda

Watu husema "laptopu yangu ni slo" wakimaanisha mambo manne tofauti, na kila moja lina mlango wake.

Ikiwa nzito dakika tano au kumi za mwanzo kisha ikatulia, shuku programu zinazojiwasha zenyewe, au diski ya zamani ya kuzunguka. Ikianza vizuri halafu ikachoka baada ya nusu saa, hasa feni ikivuma na sehemu ya chini ikiwa haishikiki, hilo ni joto. Ikiganda kwa sekunde kumi hadi sitini kisha ikaendelea kama si yeye, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya diski hapa chini. Ikiganda moja kwa moja hadi uizime kwa nguvu, mara nyingi ni draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa kama skrini au sauti), ramu au joto la kupindukia.

Siku inapoganda, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock uangalie taa yake. Taa ikiwaka na kuzima, mfumo bado una uhai chini kwa chini na kilichokwama ni programu au skrini: subiri dakika mbili tatu, kisha jaribu Ctrl+Alt+Del. Jaribu pia kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hapo Windows huwasha upya draiva ya skrini. Skrini hupepesa mara moja, na wakati mwingine picha inarudi bila kupoteza kazi uliyokuwa ukiandika. Caps Lock isipojibu kabisa, mfumo mzima umekwama. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi hivi.

Halafu andika. Kwenye karatasi, maana laptopu yenyewe ndiyo mgonjwa. Saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, chaja ilikuwa imechomekwa au la, feni ilikuwa inavuma au kimya. Mistari mitano ya namna hii itakusaidia kuliko video ishirini za "ongeza kasi ya kompyuta yako".

Kuzima hakutoshi

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibofya Shut down, Windows haizimi kila kitu: sehemu ya ndani ya mfumo huandikwa kwenye diski na kurudishwa ilivyo unapowasha tena. Uchafu wa jana unaamka nao. Ukibofya Restart ndipo unapoanza upya kweli.

Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha CPU, usome palipoandikwa Up time. Mtu anayezima laptopu kila usiku hukuta pale siku 23. Bofya Restart, ufanye kazi siku moja, uone. Shida ikipotea, umemaliza, funga mwongozo huu.

Soma Task Manager wakati laptopu inaumwa

Kosa la kawaida ni kufungua Task Manager mambo yakiwa shwari. Ni sawa na kupima homa baada ya mgonjwa kupona. Iache wazi pembeni, na laptopu inapoanza kujikokota, tazama asilimia juu ya safu za CPU, Memory na Disk. Bofya kichwa cha safu yenye namba kubwa, na programu inayokula zaidi itapanda juu.

Tuanze na Disk, maana hapo ndipo penye visa vingi. Utakuta imeandikwa 100%, lakini ukitazama kasi ya kusoma na kuandika unaona MB 1 au 2 tu kwa sekunde. Inakuwaje diski iwe imejaa kazi huku haipitishi chochote? Kwenye diski ya kuzunguka jibu ni hesabu ya kawaida. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Kila kipande cha data kinapotakiwa, kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi kwenye mstari wake, kisha kisubiri kipande hicho kizunguke hadi chini yake. Ukijumlisha, ni milisekunde kumi na kitu kwa kila ombi, kwa hiyo maombi yaliyotawanyika yanayohudumiwa kwa sekunde moja hayafiki hata mia. Windows inapowaka inaomba maelfu ya vipande vidogovidogo. Foleni inajaa, na wewe unatazama kijiduara.

SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea, hivyo huhudumia maelfu mengi ya maombi ya aina hiyo kwa sekunde. Ndiyo maana kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD hufufua laptopu ya zamani kuliko kitu kingine chochote unachoweza kuifanyia. Kujua uliyonayo, tazama Performance, kisha Disk 0: imeandikwa HDD (ya kuzunguka) au SSD.

Hapohapo pana namba nyingine ambayo wengi huiruka: Average response time. Kwenye SSD nzima huwa milisekunde chache. Ikikaa kwenye mamia, au ikapanda hadi maelfu wakati wa kuganda, hasa kama diski yenyewe ni SSD, hapo si uzembe tena, ni ugonjwa.

Memory ikikaa juu ya asilimia 85 au 90, ramu imejaa na Windows inahamishia vitu kwenye diski ili ipate nafasi. Kila ukibadilisha dirisha inabidi virudishwe. Mlaji mkubwa kwa kawaida ni kivinjari. Chrome na Edge zina kipimo chao cha ndani. Bonyeza Shift+Esc ukiwa ndani ya kivinjari uone ni kichupo gani au kiendelezi gani kinachokula. Nimeshaona kiendelezi cha kutafuta bei nafuu kikimeza kumbukumbu kuliko video. Microsoft inasema Windows 11 inahitaji angalau GB 4, lakini hiyo ni ya kuwaka tu. Kwa kazi za kawaida GB 8 zinatosha, na GB 16 zinakupa raha. Kabla ya kununua, tazama Slots used kwenye ukurasa wa Memory, na uhakikishe ramu ya laptopu yako haijachomelewa kwenye madabodi.

CPU, yaani prosesa, ikiwa juu muda wote, soma jina la programu kabla ya kuiua. Antimalware Service Executable ni Defender, antivirusi ya Windows, inakagua faili. Windows Modules Installer Worker ni masasisho. Ziache zimalize, chomeka chaja, acha laptopu iwake saa moja au mbili bila kuigusa. Na ukiingia Details ukakuta System Idle Process inatumia asilimia 95, usiogope. Hiyo ni prosesa ikikaa bila kazi.

Kuna kisa kimoja kinachowachanganya hata mafundi: CPU, Memory na Disk zote ziko chini, lakini hata kuandika herufi ni taabu. Tazama Speed kwenye ukurasa wa CPU. Ikiwa imenata kwenye GHz 0.4 au 0.8 na haipandi hata ukifungua programu nzito, laptopu imejifunga breki yenyewe. Baadhi ya laptopu hufanya hivyo zisipoitambua chaja, au betri ikiwa mbovu, au kipimo cha joto kikisema uongo. Chomoa chaja utumie betri peke yake. Kasi ikirudi, chaja au tundu lake ndilo tatizo, na hukuwa na haja ya kufuta hata faili moja.

Usafi wa kawaida

Kwenye Task Manager fungua Startup apps, uzime kila kisichohitaji kuwaka na kompyuta: programu za muziki, za mikutano, za michezo, visasishi vya printa. Kuzima hapa si kufuta; ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Acha antivirusi, draiva za sauti na za padi ya kugusa.

Antivirusi iwe moja. Mbili zikikutana, kila faili inakaguliwa mara mbili na zinaweza kugombana. Kwa virusi vyenyewe, Defender inayokuja na Windows ina ukaguzi unaoitwa Offline scan: laptopu inajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, wakati virusi havina pa kujificha. Huchukua kama robo saa.

Diski isijae pomoni. Mimi huacha asilimia 15 hadi 20 wazi. Settings, System, Storage itakuonyesha nini kimejaza. Folda ya Downloads ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza siku zote.

Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasafisha rejista (ghala la mipangilio ya Windows) na kuongeza kasi maradufu, zipishe. Microsoft yenyewe haiungi mkono visafishaji vya rejista, na nyingine kati ya hizo ndizo zinazoileta hiyo takataka.

Joto

Weka kiganja kwenye tundu la hewa. Hewa ikitoka kidogo huku feni inalia kama inataka kuruka, njia imeziba. Prosesa nyingi za laptopu hujipunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi ili zisiungue. Programu ya bure ya HWiNFO inakuonyesha namba hiyo moja kwa moja. Ukikuta 60 au 70 ukiwa kazini, hakuna kesi.

Jaribio rahisi ni kuinyanyua nyuma kwa vitabu viwili ili hewa ipite chini. Ikibadilika wazi, ulichokuwa unapambana nacho ni kitanda na mto.

Kusafisha ndani: zima kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, kisha chomoa waya wa betri kwenye madabodi kabla ya kugusa kingine. Ukipuliza tu kwa nje, vumbi hurudi palepale. Lililo hatari liko mahali pamoja, kati ya feni na mapezi ya shaba au alumini yanayotoa joto. Hujikusanya pale likawa kama kipande cha blanketi la kijivu, limeshikamana kiasi kwamba unaweza kulivuta lote kwa mara moja. Zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno unapopuliza, yasizunguke ovyo ukaharibu beringi. Laptopu ikiwa na miaka minne mitano na bado inachemka baada ya usafi, pesti inayounganisha prosesa na bomba la joto huenda imekauka. Hiyo mwachie mwenye mkono mzoefu.

Ukiwa humo ndani tazama betri. Ikiwa imevimba, au kabla ya kufungua ulikuwa umeona padi ya kugusa imenyanyuka na kubofya imekuwa shida, acha kuitumia. Usiitoboe, usiikandamize irudi. Betri hiyo inaweza kushika moto.

Diski: hapa usicheze

Pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma rekodi ambayo diski hujiwekea yenyewe. Kwenye diski ya kuzunguka tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. Ya 05 inahesabu sehemu zilizokufa na kuhamishwa. C5 ni zile zinazogoma kusomeka na zinasubiri hukumu. C6 ni zilizoshindikana. C5 ikiwa si sifuri na laptopu inaganda kwa vipindi, mimi sitafuti ushahidi mwingine: diski inapojaribu kusoma sehemu hiyo tena na tena, Windows yote inaisubiri. C7 ikipanda peke yake, waya au kiunganishi ndicho kilicholegea. Kwenye SSD tazama asilimia ya afya na joto.

Shahidi wa pili ni Event Viewer, daftari ambalo Windows huandika matukio yake. Bonyeza Windows+R, andika eventvwr, fungua Windows Logs kisha System, ulinganishe saa ulizoandika kwenye karatasi yako. Namba 7 kutoka disk ni sehemu mbovu. Namba 129 au 153 zinasema diski ilichelewa kujibu hadi mfumo ukairudia au kuianzisha upya. Namba 37 kutoka Kernel-Processor-Power inakwambia prosesa imepunguzwa kasi. Ile 41 ya Kernel-Power isikutishe: inasema tu kwamba laptopu ilizimika bila utaratibu, na mara nyingi ni wewe uliyeshikilia kitufe.

Amri ya chkdsk C: /r inatafuta sehemu mbovu diski nzima na inaweza kuchukua saa nyingi. Usiitumie kabla ya kunakili data. Kwa diski inayokata roho, safari hiyo inaweza kuwa ya mwisho.

Ramu mbovu, faili mbovu

Ukiona skrini ya bluu na kila mara msimbo ni tofauti, pima ramu. Andika mdsched kwenye Windows+R, au tumia MemTest86 kutoka kwenye flashi uiache usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Ikiwa vipande ni viwili, toa kimoja kimoja umjue mbaya wako.

Faili za Windows zenyewe zikiharibika, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, subiri imalize, kisha sfc /scannow. Kwa mpangilio huo, kwa sababu ya kwanza inatengeneza ghala ambalo ya pili inachukua vipuri.

Ukiwa bado gizani

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni kuwasha laptopu kwa Linux iliyoko kwenye flashi, bila kuisakinisha. Fanya kazi humo saa mbili: vivinjari, video, hati. Ikiganda humo pia, Windows haina hatia. Kosa liko kwenye ramu, joto, madabodi au chaja. Ikienda kama mshale, kosa liko kwenye Windows au kwenye diski ambayo Linux haikuitegemea, na diski umeshaipima. Ukishindwa na flashi, tumia Safe Mode, hali ambayo Windows huwaka na vya lazima tu: shikilia Shift ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings. Laptopu ikitulia humo, shuku draiva, na ya skrini iwe ya kwanza. Ikiwa shida ilianza baada ya sasisho, nenda Device Manager, Display adapters, kichupo cha Driver, ubofye Roll Back Driver.

Vyote vikishindikana na vipuri ni vizima, sakinisha Windows upya. Ni kazi ya nusu siku, na mara nyingi inachukua muda mfupi kuliko wiki ya kubahatisha. Ukiwa bado kwenye Windows 10, kumbuka Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usirudi huko bila sababu.

Kuna laptopu ambazo hazina tiba. Zile zenye eMMC (hifadhi ndogo iliyochomelewa badala ya diski) ya GB 32 au 64 na ramu ya GB 4 iliyochomelewa haziongezeki popote. Hizo mimi huziwekea Linux nyepesi na kuziachia kazi za kuandika na kusoma.

Ikibidi kwenda kwa fundi, nenda na ile karatasi yenye saa na matukio, picha ya skrini ya CrystalDiskInfo na namba za Event Viewer. Mfungulie akaunti ya pili ya kujaribia badala ya kumpa nywila yako. Akikwambia "ni ramu" kabla hajawasha mashine, ichukue laptopu yako uondoke.